Kimo cha Maji

Ofisini walimwita Mama Mapengo, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alimtazama mdomoni. Meno yake yalikuwa kamili. Mapengo yaliyompa jina yalikuwa ya kwenye takwimu: siku ambazo msoma kipimio cha mto aliugua, wiki ambazo betri ya chombo cha mvua ilizimika bila mtu kujua, miezi ambayo karatasi ziliingiwa na mchwa. Kazi yake ilikuwa kuyatafuta mapengo hayo na kuyaziba kabla takwimu hazijaingizwa kwenye mtambo wa utabiri wa mafuriko. Mtambo ule haukuchagua chakula. Ukiulisha uongo uliumeza, na kesho yake ukautabiri.

"Kuziba si kubuni," aliwaambia vijana wapya. Chombo kimoja kikinyamaza, unavisikiliza vya jirani, unatazama mvua za miaka iliyopita, ndipo unaandika, na pembeni unaweka alama kwamba hapa tumekadiria. Kwa njia hiyo alikuwa ameziba maelfu. Moja tu lilimshinda.

Lilikuwa la kituo cha darajani, kwenye mji mdogo ulio bondeni. Miaka mitatu nyuma mto ulifurika jioni moja ukabeba kipimio, kingo za daraja na watu. Asubuhi ya siku ile msomaji alikuwa amepima kama kawaida. Kipimio kipya kilisimikwa wiki kadhaa baadaye, mto ukiwa umeshatulia. Katikati hapakuwa na namba hata moja, na kwa kuwa mtambo haupendi nafasi tupu, ulikuwa umevuta mstari mnyoofu kutoka namba ya mwanzo hadi ya mwisho. Ndani ya kompyuta, gharika ile ilikuwa mto unaoshuka taratibu, kama mzee anayetoka kumsalimia jirani na kurudi kwake.

Ubaya wake haukuishia kwenye kumbukumbu. Mtambo ulijifunza kwa yaliyopita. Uliiona mvua kubwa ya milimani siku ile, ukauona mto mpole mjini, ukaamini kwamba mvua ya namna hiyo haina madhara. Kila masika utabiri wa mji ule ulitoka chini ya maji yenyewe.

"Lazima twende tukaulize," Mama Mapengo alimwambia mkuu wa kitengo.

"Umuulize nani? Mto?"

"Watu. Na kuta. Maji ya tope yakisimama ukutani huacha mstari."

Mkuu alikuwa mtu mkavu lakini si mbaya. Alitia saini safari, kisha akainua kalamu. "Mkirudi na hadithi, mimi siingizi hadithi kwenye mtambo. Nataka namba, na nataka kujua namba hiyo imesimama juu ya nini."

Alikwenda na mpima, kijana mwenye maneno mengi aliyebeba mashine yake ya miguu mitatu kama mtu aliyebeba mtoto. Njiani alimchokoza. "Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Wewe mama miaka yote umeyafika kwa kompyuta."

"Endesha gari," akasema Mama Mapengo. Lakini neno lile lilimwingia. Mto ule aliujua mwezi kwa mwezi, na hakuwahi kuuona.

Walipofika waliuona, mwembamba, rangi ya chai, ukipita chini ya daraja bila haraka. Msumari wa rejea uliopigwa kwenye nguzo ya daraja ulikuwepo bado, na kwa kuwa vipimo vyote vya kituo vilihesabiwa kutoka hapo, ndio ambao ungewaunganisha na namba za zamani. Wakaanza kuzunguka mitaani kutafuta mistari ya tope.

Haikuwepo. Kila ukuta waliouendea ulikuwa umepigwa plasta na rangi. Waliwauliza wanawake waliopanga ndoo bombani. Mmoja alisema maji yalifika kiunoni, wa pili akasema yalipita bati, wa tatu akawaambia wenzake waache uongo kisha akasema la kwake.

"Kama bei ya nyanya," mpima alinong'ona. "Kila mtu na yake."

"Nani alizipiga plasta nyumba zote hizi?" Mama Mapengo aliuliza.

Hapo hawakubishana. "Fundi Mrefu," walijibu kwa pamoja, na mmoja akaongeza kwa sauti ya chini, "Mwendeeni polepole. Alifiwa na mke."

Walimkuta uani kwake, mikono imejaa saruji hadi viwikoni. Alikuwa mrefu kweli; baadaye walimwona akiinama kupita kwenye mlango alioujenga mwenyewe. Alilitazama gari lao, akaitazama mashine ya miguu mitatu.

"Nyinyi ni wa ofisi ya mto."

"Ndiyo, fundi. Pole na kazi."

"Tangazo lenu la siku ile nililisikia kesho yake, kwenye redio ya mtu. Nilikuwa nachimba kaburi."

Mama Mapengo alikuwa ameyapanga maneno yake tangu ofisini, kuhusu takwimu na umuhimu wake kwa jamii. Yote yalimkauka. "Ndiyo maana tumekuja," alisema tu.

Fundi alitikisa kichwa kuelekea mtaani. "Mnatafuta ule mstari. Ulikuwepo. Kila nyumba, umenyooka kama umepigwa kwa uzi. Ukitoka kwenda dukani unauona, ukienda kumjulia hali mgonjwa unauona. Nilianza kuufuta kwangu, nikaenda kwa jirani, nikamaliza mtaa. Nilitaka kulala."

"Ukalala?" Mpima aliuliza, na papo hapo akatamani kulirudisha neno lake.

"Kuta zililala," fundi akasema.

Mama Mapengo alisogea karibu. "Siku ile ulikuwa humu ndani?"

"Nilikuwemo."

"Maji yalikufika wapi?"

Tangu msiba ule watu walikuwa wamemwambia pole, wamemwambia kazi ya Mungu haina makosa, wamemuuliza kwa huruma ilikuwaje, naye hakuwahi kuwajibu. Swali hili lilikuwa la namna nyingine. Lilikuwa la kipimo, na kipimo alikijua. Alinawa mikono, akaifuta kwenye suruali, akawaambia, "Ingieni."

Chumba kilikuwa kidogo na safi. Pembeni kulikuwa na meza ya saruji iliyojengwa ikashikana na ukuta, juu yake jiko na sufuria zilizofunikwa. Pazia lilitenganisha chumba hicho na cha ndani, na nyuma ya pazia ilisikika sauti ya mchele ukipepetwa kwenye ungo.

"Mama mkwe wangu," fundi alisema kwa sauti ya chini, akionyesha kwa kidevu. "Mama wa marehemu."

"Shikamoo, mama," wageni walisema.

"Marahaba. Karibuni." Ungo haukusimama.

Mama huyo, aliyekuwa akiishi mtaa wa juu wa mji huohuo, alihamia hapo baada ya mazishi kumlea mjukuu wake, akabaki. Miaka mitatu yeye na mkwewe waliishi chini ya bati moja kwa heshima isiyo na kasoro na bila mazungumzo. Walisalimiana asubuhi, wakasalimiana jioni. Mengine yote yalipitia kwa mtoto: "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie bibi nimeleta mkaa." Msibani mama alikuwa amesikia watu wakinong'ona kwamba mwanamume mrefu vile, mwenye nguvu vile, alitoka na mtoto akamwacha mke. Hakuuliza. Kumuuliza mkwe jambo kama hilo ni kumvua nguo, na wewe mwenyewe kubaki uchi. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ule ulikuwa humo nyumbani, ukisubiri siku yake.

Fundi aliondoa sufuria moja moja, akapanda juu ya meza ya saruji. Kichwa chake kilikaribia bati.

"Sakafu ni ileile?" mpima aliuliza. "Na meza hii?"

"Vilevile. Niliijenga mwaka niliooa. Maji hayakuiweza." Alijisogeza hadi pembeni, mgongo ukutani. "Nilisimama hapa." Akaweka kiganja kwenye mfupa wa bega, pale shingo inapoanzia. "Yalifika hapa. Yakakaa. Kisha yakaanza kushuka."

Mpima alichora mstari mfupi ukutani kwa penseli, usawa wa kiganja kile. Akautazama, akajikuna kisogo.

"Samahani, fundi. Kazi yangu mimi ni kutoamini. Mtu akiwa na hofu hata dimbwi linakuwa bahari, na miaka imepita. Kuna kitu kingine naweza kulinganisha nacho? Au mtu mwingine?"

Ungo ukasimama.

Fundi hakushuka. Alizungumza akiwa ameutazama ukuta wa mbele. "Mwenzangu alikuwepo. Alisimama hapa, mkono wangu wa kushoto. Maji yaliponifika mimi kifuani, hapa, yeye yalimfika kidevuni. Mtoto nilimweka begani, nimemshika kwa mkono mmoja. Mwenzangu nimemshika kwa mkono mwingine. Yakazidi. Akainua uso juu, hivi, akawa anavuta pumzi akitazama bati. Halafu mlango ukang'oka, maji yakaingia kwa kishindo, mtoto akaniteleza hadi kiunoni. Nikamwinua. Mwenzangu akaniambia, 'Mshike kwa mikono miwili.' Nikamwambia nitawaweza wote. Akasema tena, 'Mikono miwili.' Akavifungua vidole vyangu yeye mwenyewe. Kimoja kimoja."

Mama Mapengo alikuwa na kalamu mkononi na hakuandika.

Pazia lilisogezwa. Mama aliyetokea alikuwa mfupi, mnene kidogo, vumbi la mchele limemshika kwenye mikono. Hakuwatazama wageni.

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, mama."

"Nilidhani ulimwacha."

"Najua."

"Unajua? Muda wote huu unajua ninavyokuwazia, na chakula changu unakula?"

"Nakula, mama."

Mama akajifunga kitambaa chake vizuri kichwani, kama mtu anayejiandaa kwa kazi. "Mimi na mwanangu tulikuwa kimo kimoja," alimwambia mpima. "Nguo yangu yeye alivaa, nguo yake mimi nilivaa. Umesema unataka mtu mwingine. Nipandisheni."

"Mama, si lazima," Mama Mapengo akasema.

"Nipandisheni."

Mpima alileta kigoda. Mama Mapengo alimshika mkono, na fundi, ambaye kwa adabu asingemgusa mkwewe, alijisogeza hadi mwisho wa meza kumpisha. Mama akasimama pale mwanawe aliposimama, mgongo ukutani.

"Haya," akamwambia mkwewe. "Kifuani mwako ni wapi?"

Fundi alionyesha, mpima akachora. Kisha akachora usawa wa kidevu cha mama. Akapima tofauti ya mistari ile miwili, akapima tena. Ilipishana kwa upana wa kidole.

"Inakubali," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe.

"Na baada ya yeye kwenda," mama aliuliza, bado akitazama mbele, "maji yalisimama?"

"Hayakusimama, mama. Yalipanda hadi ule mstari wa kwanza."

Mama aligeuka polepole kuutafuta mstari wa kwanza ukutani. Ulikuwa sawa na nyusi zake. Aliuwekea kidole, kisha akakishusha kidole hadi puani mwake, kisha mdomoni. Alifanya hivyo mara mbili, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Basi hata ungemshika."

"Najiambia hivyo kila siku," fundi akasema. "Sikuwa na hakika."

"Hata ungemshika," mama alirudia. Akaegemea ukuta. Machozi yalimtoka bila sauti, na mkwewe alisimama upande wa pili wa meza akilia naye, kichwa kikigusa bati, kila mmoja mahali pake. Mpima alitoka nje akijifanya anatafuta kitu kwenye gari.

Mama Mapengo alipomsaidia mama kushuka alimuuliza kwa upole kama angependa haya yasiandikwe. Mama alijifuta uso. "Umetoka mbali hivi ukaondoke mikono mitupu? Andika. Andika vizuri."

Mchana ule mpima alitembea na mashine yake kutoka nyumba ya fundi hadi darajani, rula ndefu ikisimamishwa hatua kwa hatua, hadi msumari wa rejea. Njiani walipata mengine mawili ya kushikilia: mchanga wa mto juu ya boriti za kinu cha nafaka, na tope lililokauka ndani ya taa ya barabarani ambayo hakuna aliyewahi kuisafisha. Vyote vilikubaliana na ukuta wa fundi.

Ofisini mtambo uliikataa namba ile. Programu ya kukagua takwimu ilikuwa na ukomo wake, na kitu chochote kilichozidi ukomo kilipakwa rangi nyekundu na kuandikwa "haiwezekani."

Mkuu alikaa na karatasi za mpima kwa muda mrefu. Aliuliza juu ya msumari. Aliuliza juu ya kinu. Alipofika penye mistari ya ukutani aliuliza, "Huyu mtu wa pili aliyesimama mezani ni nani?"

"Mama wa aliyekufa."

Mkuu alivua miwani. "Alisimama pale marehemu alipokuwa?"

"Ndiyo, mkuu."

Mkuu alifungua programu mwenyewe, akapandisha ukomo, akaiweka namba na kuandika mbele yake kiasi inachoweza kukosea, na chanzo chake: ushahidi wa watu, umelinganishwa. Kisha akasema wautazame mtambo upya wote, kuanzia mvua za milimani.

Kazi hiyo ilichukua wiki nyingi. Mama Mapengo alipitia vituo vya milimani kimoja kimoja, akafuta makadirio aliyoyatilia shaka, akayarudia. Ulipokwisha kujifunza, aliujaribu mtambo kwa siku ile ya gharika: aliupa mvua ya asubuhi ile peke yake, kama vile hakuna anayejua kitakachotokea, akauacha utabiri. Jibu lilipotoka, likiwa na saa ya onyo, alilisoma, akazima kioo cha kompyuta, akaenda kusimama dirishani. Wenzake walipomuuliza mtambo umefanyaje, alisema umefanya vizuri.

Masika yaliyofuata mvua iliivamia milima siku mbili mfululizo. Siku ya tatu, kabla ya saa tano asubuhi, mtambo ulipandisha mstari wa mji ule hadi juu ya madirisha. Mkuu alisimama nyuma ya kiti cha Mama Mapengo. Kuwahamisha watu bure ni jambo zito. Wakihama bure leo, kesho hawahami. "Una hakika na vituo vya juu?" aliuliza. "Vyote vinasema kitu kimoja," alijibu. Mkuu akachukua simu.

Tangazo lilipita redioni, kwenye simu za watu, na kwa vipaza sauti. Fundi Mrefu alizunguka mtaa kwa mtaa akigonga zile kuta alizozipiga plasta. Waliobisha aliwaambia neno moja tu, kwamba yeye anahama, na watu walimjua kuwa si mtu wa kukimbizwa na mvua. Kufikia alasiri mji wa bondeni ulikuwa mtupu, watu wamejaa shule ya mlimani na mbuzi wao, magodoro yao na kelele zao.

Maji yalikuja jioni. Yaliingia majumbani yakafika kwenye vizingiti vya madirisha, chini ya pale mtambo uliposema, na yakavunja nyumba kadhaa za matofali mabichi. Hakufa mtu.

Kesho yake asubuhi simu ya mezani kwa Mama Mapengo ililia. Aliitambua sauti kabla haijajitaja.

"Mama wa ofisi ya mto. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Shikamoo. Poleni sana. Mko salama?"

"Marahaba. Tuko shuleni. Mtoto anacheza na wenzake kama yuko harusini. Baba yake ameshuka na wanaume kuangalia nyumba." Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi, mtoto mchanga akilia, mtu akigawa uji. "Maji hayakufika mlikosema."

"Ndiyo, mama. Tulizidisha."

"Zidisheni tu." Aliposema tena alikuwa amesogea mbali na watu, maana kelele zilipungua. "Nataka kukuuliza jambo, na usinifiche, kwa sababu wewe ndiye uliyenishika mkono siku ile. Kama mngekuwa na hizi namba zenu wakati ule. Siku ya mwanangu. Mngetuambia saa ngapi?"

Mama Mapengo angeweza kusema kwamba mtambo hauwezi kujua. Angeweza kusema mambo hayo hayasemeki. Mkuu, aliyekuwa akipita na kikombe chake, alimwona alivyoshika simu akasimama.

"Saa sita mchana, mama."

Kwenye simu ilisikika pumzi.

"Na maji yalikuja saa kumi na moja."

"Ndiyo, mama."

"Saa sita mchana alikuwa pale uani kwake anafua," mama akasema. "Nilipita nikamwona. Tulicheka juu ya kitu, sikumbuki ni kitu gani."

Mama Mapengo aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Haya," mama alisema mwishowe. "Ahsante kwa kutonificha. Wacha nikamwangalie mtoto, ameshapanda juu ya dawati."

Simu ikakatika. Mkuu aliweka kikombe chake mezani kwa Mama Mapengo, chai ambayo hakuwa ameigusa, akaenda zake. Nje mvua ilikuwa imeacha. Msoma kipimio wa darajani alikuwa ametuma namba ya asubuhi, mto unashuka, na Mama Mapengo akaiingiza.